Nane Nane Mbeya: Nenda na Swali, Rudi na Mpango wa Msimu

Tarehe 8 Agosti kila mwaka ni Sikukuu ya Wakulima, na kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo hufanyika maonesho ya kilimo, mifugo na uvuvi ambayo Watanzania wote tunayaita Nane Nane. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini uwanja wake ni John Mwakangale, jijini Mbeya, na huo ndio nitakaouzungumzia. Wanaokwenda ni wengi. Wanaorudi na jambo la kuwasaidia msimu unaofuata ni wachache, kwa sababu wengi huenda kutembea tu: wanapita banda hadi banda, wanakusanya vipeperushi, wanakunywa soda, jioni wamerudi. Makala hii ni ya yule anayetaka nauli yake imrudishie kitu.

Kama huishi kanda hii, mengi ya nitakayosema yatakufaa bado, ila uwanja wako ni mwingine. Kanda ya Kaskazini hukutana Themi, Arusha. Dodoma na Singida wana Nzuguni. Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam huenda viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Morogoro. Lindi na Mtwara ni Ngongo, Tabora na Kigoma ni Ipuli, Mwanza ni Nyamhongolo, na Simiyu na majirani zake ni Nyakabindi, Bariadi. Ndugu zetu wa Unguja wana Dole Kizimbani.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni siku ya kwenda. Watu wengi huchagua tarehe 8 kwa kuwa ni sikukuu na ndiyo siku ya kilele. Mimi nakushauri uichague siku nyingine kabisa. Siku ya kilele kuna mgeni rasmi, kuna hotuba, kuna msururu wa magari, na yule mtafiti unayemtafuta amesimama mbele ya banda akisubiri msafara upite. Tarehe 1 nayo mabanda mengine bado yanapigiliwa misumari. Siku nzuri ni za kati, tarehe 3 hadi 6, tena asubuhi. Ukifika saa tatu utamkuta mtaalamu ana nafasi ya kukusikiliza kwa nusu saa, na sauti bado haijamkauka.

Kufika si kazi. Uwanja uko upande wa Uyole, mashariki mwa jiji, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ukitoka Njombe, Iringa au Mbarali, basi lako linapita hapo kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo mwambie kondakta akushushe Nane Nane. Usipelekwe hadi mjini halafu ulipe nauli ya kurudi nyuma. Wa Kyela na Tukuyu hutokea njiapanda ya Uyole, na hapo ni daladala moja tu. Wa Tunduma, Mbozi na Mbalizi ndio wenye kazi, kwa kuwa lazima wavuke jiji zima kupitia Mafiati na Mwanjelwa, na foleni ya barabara hiyo mnaijua. Ondokeni mapema. Anayekuja kwa treni ya TAZARA atashukia Iyunga, upande wa pili wa jiji, naye atahitaji daladala.

Kuhusu fedha, panga bajeti yako katika mafungu mawili, na usiyachanganye. Fungu la kwanza ni la safari: nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula, na malazi kama unatoka mbali. Kiingilio hupangwa na waandaaji kila mwaka na hutangazwa redioni, kwa hiyo sikiliza redio za Mbeya mwishoni mwa Julai, au muulize afisa kilimo wa kata. Nyumba za wageni za Uyole na Mwanjelwa hujaa wiki hiyo. Piga simu kabla. Pia ulizia halmashauri yako, kwani nyingine huandaa usafiri kwa vikundi vya wakulima, na ukiwa kwenye kikundi kilichosajiliwa una haki ya kuulizia nafasi. Fungu la pili ni la kununua kitu cha shamba. Hilo liache kwenye simu, si mfukoni, na nitaeleza mbele kwa nini ulitumie kwa uchache. Ushauri wenyewe, ndani ya mabanda ya taasisi za serikali, haulipiwi. Mtu akikuomba pesa ili akupeleke kwa mtaalamu, huyo ni kishoka, mpite.

Vaa nguo nzito. Mbeya ya Agosti ina baridi kali asubuhi na vumbi mchana, na wanaotoka bonde la Kyela hushtuka. Viatu viwe vya kufunika miguu. Chukua kikapu au mfuko wa kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Chukua pia daftari na kalamu. Vipeperushi vitakuja kufungia maandazi. Ulichokiandika kwa mkono wako utakisoma tena.

Sasa kazi kubwa, na hii inafanyika nyumbani kabla hujapanda gari. Kaa na mwenzako mjiulize: msimu uliopita ni kitu gani kilitupunguzia mavuno zaidi ya kingine chochote? Chagua kimoja, viwili vikizidi. Mahindi yalikuwa ya njano tangu yakiwa magotini? Viazi vilinyauka shamba zima? Kuku walikufa wote Septemba? Andika jibu lako kama swali, kisha andika na maelezo ambayo mtaalamu atakuuliza: ukubwa wa shamba kwa ekari, mbegu uliyopanda na jina lake, tarehe uliyopanda, mbolea uliyoweka na kiasi chake, na magunia uliyopata. Mtaalamu akikosa maelezo hayo atakupa jibu la jumla, na jibu la jumla umekwisha kulisikia redioni.

Picha za simu husaidia sana kama shida ilikuwa ugonjwa au mdudu. Piga jani juu na chini, piga shina, piga shamba kwa mbali. Usibebe mmea mgonjwa mkononi kuzunguka nao uwanjani, maana unaweza kueneza ugonjwa. Kama ni lazima, uweke kwenye chombo chenye kifuniko. Wakulima wa viazi wa Mporoto na Makete wana jaribio moja la kufanya wenyewe. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, chini karibu na udongo, kisha kining'inize kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe nzito zinateremka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko bakteria, yaani ugonjwa wa vijidudu vinavyoziba mishipa ya maji ya mmea. Hauna dawa ya kupulizia. Anayekuuzia dawa ya ugonjwa huo anakuibia. Utakachotafuta Nane Nane ni mbegu safi ya viazi na ushauri wa kubadilisha mazao.

Na kama tatizo lako ni mavuno kupungua mwaka hadi mwaka ingawa unaweka mbolea, beba udongo. Namna ya kuuchukua ina taratibu zake, na wengi hukosea hapo. Tembea shambani kwa mwendo wa kona kona, huku na huku, ukisimama sehemu 10 hadi 15. Kila sehemu fagia majani ya juu, chimba hadi sentimita 20, yaani kiasi cha shubiri moja, na chukua kipande chembamba cha udongo kuanzia juu hadi chini ya shimo. Epuka kichuguu, njia, palipochomwa majani na pale ng'ombe walipolala. Changanya wote kwenye ndoo safi ambayo haikubeba mbolea, toa mawe na mizizi, chukua nusu kilo hadi kilo moja, anika kivulini, fungasha na andika jina, kijiji na shamba. Kama una shamba la bondeni na la mlimani, hizo ni sampuli mbili.

Udongo huo unapimwa nini? Kwanza kiwango cha tindikali, kinachoitwa pH. Mahindi na maharage hupenda pH ya kati ya 5.5 na 7. Sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini zina udongo wenye tindikali, na ikishuka chini ya 5.5, fosforasi ya mbolea yako hukamatwa na udongo na mmea hauipati. Hapo mkulima anaongeza mfuko wa mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka, kumbe kilichohitajika ni chokaa ya kilimo kwanza. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, ambacho kiko jirani tu na uwanja, kina wataalamu wa udongo. Waulize kwenye banda lao bei ya kila kipimo na majibu hutoka baada ya muda gani, kisha lipia kipimo kinachohusu swali lako. Tofauti na unachoweza kununua kwa haraka uwanjani, pesa hii nina hakika nayo.

Ukiingia uwanjani, usianzie penye muziki. Anzia kwenye vipando. Vipando ni vishamba vidogo vya mfano ambavyo taasisi, kampuni na halmashauri hupanda uwanjani miezi kadhaa kabla, na kwa kuwa Agosti ni kiangazi, humwagiliwa. Hapo utaona aina tano au kumi za mahindi zimesimama bega kwa bega, kila moja na kibao chake. Watu hupita wakisema "mazuri" na kuendelea. Wewe inama. Tazama shina la chini kama ni nene na limesimama wima. Tazama gunzi limebebwa juu kiasi gani, maana lililo juu sana huangusha mmea upepo ukija. Shika ncha ya gunzi uone kama maganda yamefunika mpaka mwisho; lililo wazi huingiza maji na ndege, na ndani utakuta punje zimeoza. Omba mwenye kipando akufungulie moja.

Kisha uliza maswali haya, na usikubali kuondoka bila majibu: aina hii inafaa mwinuko gani, inakomaa kwa siku ngapi, na kipando hiki kiliwekewa mbolea kiasi gani na maji mara ngapi? Swali la mwisho ndilo kubwa. Kipando kinapata maji ya bomba na palizi kila wiki. Shamba lako la Vwawa au Ileje halipati hayo, kwa hiyo punguza matumaini kulingana na uwezo wako. Swali la mwinuko nalo si la mapambo. Mbegu iliyotafitiwa kwa ajili ya nyanda za juu, mfano UH 6303 au UH 615 za Uyole, huchelewa kukomaa na hutaka ubaridi na mvua ndefu. Ukiipeleka bonde la Usangu itakuangusha. Kwa maharage, Uyole wametoa aina nyingi zikiwemo Uyole 96 na Njano Uyole. Hapo uliza pia sokoni kwako wanataka rangi gani, maana maharage yasiyopendwa na wanunuzi utayala mwenyewe.

Je, ununue mbegu palepale? Jibu langu ni hili: chagua palepale, nunua baadaye, isipokuwa umepata aina ambayo wilayani kwako haifiki. Mvua bado ziko mbali, na mfuko wa mbegu ukikaa miezi mitatu juu ya dari lenye joto hupoteza uotaji. Ukinunua, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Lebo ina sehemu ya kukwangua na maelekezo ya kuhakiki kwa simu. Kwangua hapohapo mbele ya muuzaji, ndipo ulipe, na udai risiti. Ekari moja ya mahindi hutaka takriban kilo 10. Kama ni mbegu chotara, yaani iliyozalishwa kwa kuchanganya wazazi wawili tofauti, panga kununua kila mwaka; punje utakazotunza kutoka kwenye mavuno hazitazaa sawa na mama yao.

Kwa miche ya parachichi aina ya Hass, ambayo Njombe na Rungwe wote wanaitaka, angalia alama ya kubebesha, lile fundo dogo chini ya shina ambapo kikonyo cha Hass kiliunganishwa na mzizi wa aina nyingine. Mche usiobebeshwa utakuchelewesha miaka mingi, na tunda lake halitakuwa Hass unayoitegemea. Lifinye fundo kidogo: liwe gumu na lisichezecheze. Iliyobebeshwa vizuri na kutunzwa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu.

Viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, ukungu au magugu, vina banda lao la kuhoji, nalo ni la TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Jifunze pale mambo mawili. La kwanza ni rangi ya mstari chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye madhara madogo. La pili ni siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, ambazo zimeandikwa kwa maandishi madogo na watu hawazisomi. Mwenye nyanya anayepulizia Ijumaa na kuuza Jumamosi anawalisha watoto wa watu sumu, na hapa naomba tuwe wakali na nafsi zetu. Kama unasumbuliwa na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, muulize mtaalamu wa TPHPA kabla hujamsikiliza muuza dawa wa banda la jirani.

Wafugaji hufurahia paredi ya mifugo, na ni haki yao, maana ng'ombe wa maziwa waliotunzwa vizuri wanapendeza. Lakini usinunue mtamba kwa hamasa ya uwanjani. Uliza kumbukumbu za mama yake za maziwa, uliza chanjo, na kumbuka kwamba kumsafirisha mnyama kunahitaji kibali cha afisa mifugo. Kwa kuku wa kienyeji, msaada mkubwa na wa bei nafuu kuliko yote ni chanjo ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Nenda banda la TVLA, maabara ya mifugo ya taifa, uulizie chanjo ya I-2. Huwekwa tone moja tu jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo inafaa hata kijijini pasipo na jokofu. Majirani wakichanja kwa pamoja, chupa moja inawatosha wengi.

Mabanda ya benki yana viti vizuri na vijana wenye maneno matamu. Kaa, lakini uliza riba ni kwa mwezi au kwa mwaka. Anayekwambia asilimia 3 kwa mwezi anakutoza asilimia 36 kwa mwaka. Uliza marejesho yanaanza lini. Mkopo wa mahindi unaodai rejesho la kwanza Januari, mahindi yakiwa magotini, haukufai. Uliza dhamana ni nini na ada nyingine ni zipi, na usitie sahihi siku hiyohiyo. Kama una kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, pitia banda la halmashauri yako uulizie mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo fomu za zamani usizitegemee. Banda hilohilo ndilo mlango wa mjasiriamali anayetaka kuonesha bidhaa zake mwaka ujao. Amuone afisa biashara au afisa maendeleo ya jamii miezi kadhaa kabla, si Julai mwishoni.

Kabla hujatoka, pita Wakala wa Vipimo. Banda lao huwa halina watu, na mimi naona ndipo penye pesa ya mkulima. Gunia halali la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Lumbesa, ule mkia unaofumwa juu ya gunia la viazi, ni kinyume cha sheria, na kila mkia ni kilo zako ulizompa mnunuzi bure. Uliza bandani hapo wanakijiji wafanye nini mnunuzi akija na magunia ya namna hiyo, na ofisi yao ya mkoa iko wapi. Wakulima wa kakao wa Kyela nao waulizie kwa undani kuhusu stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa mizani na kuuza kwa mnada.

Usisahau mbolea ya ruzuku, yaani ile ambayo serikali hulipia sehemu ya bei. Ilipoanza msimu wa 2022/23, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliuzwa kwa mkulima shilingi 70,000, wakati bila ruzuku ulizidi 120,000. Anayeipata ni aliyeandikishwa kijijini au mtaani kwake, kwa hiyo uwanjani thibitisha taarifa zako, na ukirudi nenda kwa mtendaji ukiwa na namba ya NIDA, namba ya simu na ukubwa wa shamba.

Kila mtaalamu uliyezungumza naye, andika jina lake, kituo chake na namba ya simu, na umwombe ruhusa ya kumpigia. Ukifika nyumbani, mweleze afisa ugani wa kata ulichojifunza, kwani ndiye atakayesimama nawe shambani baada ya mabanda kubomolewa. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba kuelekea Desemba. Kuanzia tarehe 9 Agosti una miezi mitatu na kidogo ya kupima udongo, kuweka chokaa, kuagiza mbegu na kujiandikisha kwa ajili ya mbolea. Anza na udongo, wiki hiyohiyo.